Maji Yanayopotea Njiani: Mageuzi ya Huduma za Maji na Maji Taka Mjini

Mada iliyotolewa mbele ya wananchi katika kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu huduma za maji na maji taka, Mombasa



Katika kila barasa la maji huulizwa swali moja: maji zaidi yatatoka wapi? Ni swali la haki, kwa sababu mifereji mingi hutoa maji siku chache tu kwa wiki, na mingine hutoa upepo. Lakini lipo swali jingine linalotangulia hilo, nalo haliulizwi sana: maji ambayo tayari yametiwa kwenye bomba, yanakwenda wapi? Mada ya leo inahusu swali hilo la pili. Mji usioweza kulijibu utaletewa maji mapya, na maji hayo yatapotea kama yale ya zamani.

MAJI YANAYOTOKA MBALI

Mombasa ni mji uliozungukwa na maji usiyoweza kuyanywa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, nao hawana mto wao. Visima vya kisiwani vipo tangu jadi, lakini vingi vina chumvi, na vingine vimechanganyika na uchafu wa mashimo ya vyoo yaliyochimbwa jirani navyo.

Kwa hiyo maji ya mfereji hutoka nje ya mipaka ya kaunti. Yapo yatokayo chemchemi za Marere, katika milima ya Shimba, Kwale. Yapo ya visima vya Tiwi, pia Kwale. Yapo ya chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, Taita-Taveta, ambayo bomba lake lilijengwa miaka ya 1950 na lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Na yapo ya Baricho, kando ya mto Sabaki, Kaunti ya Kilifi. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale nalo linakusudiwa kuiongezea Pwani maji.

Vyanzo hivi havigharimu sawa. Maji ya Mzima huteremka yenyewe kutoka juu hadi Pwani. Maji ya Baricho lazima yasukumwe kwa pampu, na pampu hula umeme usiku na mchana. Kila lita ya Baricho inayomwagika katika mtaa wa Mombasa imekwisha kulipiwa umeme kabla ya kumwagika. Aidha, maji yote hayo hupita karibu na vijiji vya jirani ambavyo navyo vina kiu. Mwananchi wa Taita-Taveta au Kwale akiuliza kwa nini bomba linapita mlangoni mwake naye achote maji mtoni, anauliza swali zito. Atajibiwaje, ikiwa maji aliyopitwa nayo yanaishia mtaroni?

NANI ANAWAJIBIKA

Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaziachia serikali za kaunti huduma za maji na usafi wa mazingira. Sheria ya Maji ya 2016 inagawa kazi: mashirika ya serikali kuu yanayoendeleza miundombinu hujenga mabwawa na mabomba makubwa, kampuni za maji zilizo chini ya kaunti husambaza maji, husoma mita na kukusanya bili, na Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, WASREB, hutoa leseni, huidhinisha bei na kuchapisha ripoti ya jinsi kila kampuni inavyofanya kazi. Bei haiwezi kupandishwa kabla wananchi hawajasikizwa.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mwananchi. Bwawa likichelewa, mhusika ni mmoja. Bomba la mtaani likivuja mwezi mzima, mhusika ni mwingine. Anayejua tofauti hiyo hapigwi danadana kutoka ofisi moja hadi nyingine.

MAJI YASIYOLIPIWA

Wataalamu huyaita "maji yasiyolipiwa": tofauti kati ya maji yanayotiwa kwenye mtandao na maji yanayoonekana katika bili. Ripoti za WASREB zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba, kwa jumla ya kampuni za maji nchini Kenya, zaidi ya asilimia 40 ya maji huishia hapo. Bodi imekuwa ikiweka asilimia 25 kuwa mwisho wa kinachoweza kuvumilika. Kwa lugha ya nyumbani, kati ya mitungi kumi iliyochotwa, kusafishwa na kusafirishwa, minne haina mwenyewe.

Mitungi hiyo minne hupotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni mivujo: bomba kuukuu, kiungo kilicholegea, bomba lililokatwa na wachimbaji barabara. Ya pili ni wizi: kiunganishi cha usiku, bomba lililopitishwa kando ya mita, nyumba ya kupangisha yenye mita moja inayoonekana na laini mbili zisizoonekana. Ya tatu ni hesabu mbovu: mita iliyochoka, msomaji anayekadiria akiwa kivulini, mteja aliye katika daftari lakini hayupo mtaani, na aliye mtaani lakini hayupo katika daftari.

Kupotea huko huzaa madhara mengine. Maji yakitoka kwa zamu, mabomba hukaa matupu. Bomba tupu lenye ufa hufyonza uchafu wa mtaro lililolala ndani yake, na maji yanaporudi humpelekea mtu ule uchafu jikoni. Pia, maji yanaporudi hutanguliwa na hewa, na hewa hiyo huweza kuzungusha mita. Mwananchi anayelalamika kwamba amelipishwa upepo hasemi upuuzi. Naye akishaacha kuamini bili, huacha kulipa. Kampuni hukosa fedha za kutengeneza bomba. Na bomba huzidi kuvuja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MJI ULIOANZA NA HALI MBAYA ZAIDI

Wapo wanaosema kwamba hali hii haibadiliki katika nchi isiyo tajiri. Jibu lao liko Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia.

Mji huo ulikuwa na maji ya bomba tangu 1895, wakati wa Wafaransa. Mwaka 1975 utawala wa Khmer Rouge uliwafukuza wakazi wote mjini. Utawala huo ulipoanguka 1979, wahandisi wengi walikuwa wameuawa na michoro ya mabomba imepotea. Hadi 1993, ni mtu mmoja tu kati ya watano aliyepata maji ya bomba, kwa saa kumi hivi kwa siku. Asilimia 72 ya maji ilipotea. Wafanyakazi wenyewe waliuza viunganishi vya wizi, na chini ya nusu ya bili ndizo zilizolipwa.

Mwaka huo mhandisi Ek Sonn Chan alipewa kuiongoza mamlaka ya maji ya mji. Jambo la kwanza halikuwa bwawa. Lilikuwa kuhesabu wateja nyumba kwa nyumba, na hapo zikapatikana nyumba maelfu zinazotumia maji bila kuandikwa, na nyingine maelfu zilizoandikwa bila kupata maji. Kila mteja akafungiwa mita. Mtandao ukagawanywa katika kanda, kila kanda na mita yake kubwa. Vikosi vya mafundi vikawekwa zamu usiku na mchana kushughulikia mivujo. Wafanyakazi waliofanya vyema walizawadiwa, na walioiba waliondolewa.

Kisha likaja jambo gumu zaidi, nalo ni wakubwa. Wizara, kambi za jeshi na nyumba za wenye vyeo zilitumia maji bila kulipa. Ek Sonn Chan amesimulia hadharani jinsi alivyokwenda kufunga mita katika nyumba ya jenerali mmoja, akaelekezewa bunduki kichwani. Alirudi na askari, na hatimaye jenerali akalipa. Habari ilipoenea kwamba jenerali amelipa, mchuuzi wa sokoni hakuwa tena na sababu ya kukataa.

Mwaka 1996 mamlaka hiyo ilipewa uhuru wa kusimamia fedha na wafanyakazi wake, ikibaki mali ya umma. Bei ilipandishwa kwa hatua, huduma ikiboreka nayo. Hatua ya tatu ya kupandisha bei ilikuwa imepangwa, lakini haikuhitajika, kwa sababu fedha zilizokuwa zikivuja sasa zilifika ofisini. Kufikia 2010, maji yaliyopotea yalikuwa yamebaki asilimia 6 hivi. Maji yalitoka saa 24, na zaidi ya asilimia 90 ya wakazi waliyapata. Wafanyakazi kwa kila viunganishi 1,000 walipungua kutoka 22 hadi takriban 4. Fedha za wafadhili zilisaidia, na visafishio vya maji vilikarabatiwa na kupanuliwa. Lakini fedha hizo hazikumwagwa kwenye mtungi uliotoboka.

FUKARA HULIPA ZAIDI

Wengine huogopa kwamba mita na nidhamu ya bili vitamwonea mnyonge. Hesabu inaonyesha vingine. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Chukua mfano wa mtungi unaouzwa shilingi 20 kwenye mkokoteni: mitungi 50 ni shilingi 1,000. Bei ya mfereji kwa ujazo huo huo ni sehemu ndogo ya hiyo. Mama wa Bangladesh au Kisauni anayenunua kwa mtungi ndiye anayelipa bei ya juu kabisa mjini, naye hana bili wala mahali pa kulalamika. Jirani yake aliyejiunganishia laini ya wizi hamwibii tajiri. Anamwibia mama huyo, kwa kuwa ndiye ambaye maji hayamfikii.

Kinachomzuia mnyonge kupata mfereji mara nyingi si bili ya mwezi, bali ada ya kuunganishwa, ambayo huitishwa kwa mkupuo. Phnom Penh waliliona hilo. Familia maskini zilipunguziwa ada hiyo kwa asilimia 30, 50 au 70, na zile zilizokuwa na dhiki zaidi zilisamehewa yote. Nyingine ziliruhusiwa kulipa kidogo kidogo.

Hapa Kenya pia ipo mifano. Katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu, kampuni ya maji ya mji huo iliingia mapatano na vikundi na wasimamizi wa mtaani. Kampuni huwauzia maji kwa jumla kupitia mita kubwa, nao huyafikisha majumbani, husoma mita ndogo na kukusanya malipo. Bomba likivuja, hasara ni ya msimamizi anayekaa hapo hapo, kwa hiyo haachi livuje hadi wiki ijayo. Mtaa uliokuwa na utando wa vibomba vya kubahatisha ukapata laini inayojulikana mwanzo na mwisho wake.

MAJI TAKA: NUSU INAYOSAHAULIKA

Hata hivyo, Phnom Penh pia ina funzo la kuonya. Maji safi yalishughulikiwa na mamlaka moja, lakini maji taka na mitaro vilibaki kwingine, navyo havikupata mageuzi ya namna hiyo. Kwa miaka mingi uchafu wa mji ulimiminika katika maziwa na ardhi oevu za kandokando, kama Boeung Cheung Ek, ambako wakulima hupanda mboga za majini. Maumbile yakafanya kazi ya kusafisha bila malipo. Sasa ardhi hizo zinafukiwa kwa mchanga ili kujenga majumba, na mji unalazimika kujenga mitambo ambayo ungeianza mapema.

Jambo hili linaigusa Mombasa moja kwa moja. Kwa kawaida, sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani, karibu asilimia 80, hutoka tena yakiwa maji taka. Anayeleta maji zaidi bila kufikiria yatokako analeta pia uchafu zaidi. Kote nchini, chini ya mkazi mmoja kati ya watano wa mijini ameunganishwa na bomba la maji taka. Hapa Mombasa, mabomba hayo yamefika sehemu ya kisiwa na sehemu ya bara ya magharibi, ambako upo mtambo wa Kipevu. Nyumba nyingi zaidi hutegemea chemba na mashimo ya vyoo.

Chemba ikijaa huitwa gari la kunyonya. Gari hilo likimwaga mzigo wake mtamboni, kazi imekwisha vizuri. Likiumwaga mtaroni usiku, uchafu huishia katika hori za Tudor au Port Reitz, kwenye mikoko ambamo samaki na kamba huzaana. Mvuvi hupoteza riziki bila kujua alipokonywa na nani. Na pale ambapo gari haliwezi kuingia kwa sababu vichochoro ni vyembamba, wapo vijana wanaozoa mashimo kwa ndoo na mikono, usiku, bila glavu. Mageuzi ya maji taka yasiwaze mabomba peke yake. Yawape vijana hao leseni, vifaa, mikokoteni yenye matangi na mahali pa kumwaga palipo karibu, ili kazi wanayoifanya kwa kujificha iwe huduma inayotambuliwa.

HATUA ZINAZOWEZA KUANZA SASA

Yapo mambo ambayo hayahitaji kungojea bwawa.

Kwanza, mtaa mmoja upimwe kikamilifu. Mita kubwa ifungwe mwanzo wa laini, na jumla yake ilinganishwe na jumla ya mita za nyumba. Saa nane za usiku, watu wakiwa wamelala, mita kubwa isomwe tena. Ikiwa bado inakwenda mbio, maji hayo yanaingia ama ardhini ama katika laini ya wizi. Tofauti hiyo ikishajulikana, mafundi wana pa kuanzia. Ukimaliza mtaa mmoja, shika wa pili.

Pili, madeni ya ofisi za umma yatangazwe na yalipwe. Ofisi ya serikali, iwe ya kaunti au ya taifa, isiyolipa bili inamnyang'anya mwananchi neno la kujitetea, kisha inamtaka awe mwaminifu kuliko yenyewe.

Tatu, kila mvujo ulioripotiwa upewe nambari na tarehe, na siku ulipozibwa iandikwe. Orodha hiyo ibandikwe katika ofisi ya wadi kila mwezi.

Nne, ada ya kuunganishwa ilipwe kwa awamu kupitia bili, na vioski vya maji vioneshe bei ya mtungi kwa maandishi makubwa ukutani.

Tano, kila mradi wa maji uambatane na maelezo ya mahali maji taka yake yatakapokwenda. Mradi usio na jibu hilo haujakamilika, hata kama mkasi wa kukatia utepe uko tayari.

Hatua hizi hazina sherehe. Hakuna anayekwenda kuzindua mvujo uliozibwa. Ndiyo maana huahirishwa, na ndiyo maana wananchi lazima wazidai. Bomba jipya hupigwa picha siku ya kwanza. Bomba la zamani huhitaji kukumbukwa kila siku.

Kwa hiyo, pendekezo la bei mpya litakapoletwa mbele ya umma, mwananchi asiishie kusema ndiyo au la. Na aulize: mwaka jana ni sehemu gani ya maji iliyopotea, na mwaka huu ni ngapi? Ni mita ngapi zilizokufa zimebadilishwa? Ni taasisi zipi kubwa zinazodaiwa? Ni magari mangapi ya kunyonya yaliyomwaga mtamboni mwezi uliopita? Ofisi yenye majibu ya maswali hayo inastahili kuaminiwa na fedha zaidi. Isiyo nayo, na ipewe muda wa kuyatafuta kabla ya kupewa shilingi nyingine.

Mwananchi naye ana wajibu wake, nao ni mdogo lakini ni wa lazima: kulipa bili iliyo ya haki, kupinga kwa maandishi iliyo ya dhuluma, kutoa taarifa za mvujo, na kutofumbia macho laini ya wizi hata ikiwa ya jamaa.

 Nafasi ya maswali iko wazi.